Apolo Alirudi Darasani

Somo: Matendo ya Mitume 18:24–28
Mahubiri ya ibada ya pili, Jumapili iliyopita

 

Kabla sijafungua Neno, nina deni la kulipa. Nimewaomba wazee wa kanisa waniruhusu nililipe hapa mbele, kwa sababu nililikopa hapa hapa mbele.

Miaka mitatu iliyopita, kwenye maombi ya Jumatano, nilimsema ndugu mmoja wa kanisa hili. Jina sikulitaja, lakini nyote mlijua ni nani, maana ni yeye peke yake aliyekuwa akiingia saa mbili na nusu usiku na begi la vitabu mgongoni, sisi tukiwa tunafunga. Nilisema hivi: “Kuna watu wamebadilishana Yesu na joho.” Mkacheka. Nami nikafurahi kwamba mmecheka. Yeye alikuwa kiti cha nyuma, karibu na mlango. Hakucheka.

Sasa sikilizeni yale ambayo sikuyajua usiku ule, kwa sababu sikuuliza. Ndugu huyu alikuwa na shahada ya biashara, na alikuwa amefanya kazi miaka kumi na moja katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Reli ya SGR ilipofunguliwa mwaka 2017, na baadaye makontena yakaanza kupandishwa treni moja kwa moja hadi Nairobi, mnajua ofisi nyingi za kisiwa hiki zilivyopungukiwa kazi. Wengine wenu mlifungiwa milango. Yeye hakufukuzwa, lakini aliona maji yanakupwa. Aliona pia kwamba karatasi alizozizoea zinahamia kwenye kompyuta, na vijana wadogo wanaozielewa hizo kompyuta ndio wanaoitwa kwanza. Akaongea na mkewe, wakakubaliana arudi chuo jioni, asome shahada ya pili, ya mambo ya kompyuta. Jumatatu na Jumatano anasoma, Jumamosi mchana anasoma. Na Jumatano hiyo hiyo, akitoka darasani Tudor, badala ya kukimbilia feri kwenda kwake Likoni, alikuwa anapitia hapa kwanza apate japo maombi ya kufunga. Mtu anayeacha feri ya saa mbili ili aje kusema Amina moja na ndugu zake, ndiye niliyesema amemwacha Yesu.

Alinitii. Hilo ndilo linaloniumiza. Kanisa hakuliacha. Aliacha chuo. Karo ya muhula ilikuwa imelipwa tayari.

Mwezi uliopita alikuja ofisini na barua mkononi. Akaniambia: “Pasta, chuo kimekubali kunipokea tena. Nimekuja kuomba baraka. Na kama ni kunikemea, basi safari hii naomba unikemee tukiwa wawili.”

Wapendwa, usiku ule nililala macho. Nikafungua Biblia, na Roho Mtakatifu akanipeleka kwa Apolo. Ndugu huyu amenipa ruhusa nisimulie haya, bila jina lake. Basi twende kwenye Neno.

Msomi aliyekubali kukaa chini tena

Hebu fungua Matendo 18, mstari wa 24. Apolo anafika Efeso. Ni Myahudi wa Iskanderia, na Iskanderia haikuwa kijiji. Ulikuwa mji wa bandari kama wetu, kule Misri, mji uliosifika kwa maktaba yake kubwa, mji ambao Wayahudi walikaa na kuyatafsiri Maandiko kwa Kiyunani. Mtu aliyetoka huko alikuwa ametoka kwenye chuo. Luka anatuambia alikuwa msomi, ana nguvu katika Maandiko, ana moto rohoni, na alifundisha mambo ya Yesu kwa makini. Shahada ya kwanza anayo, na ya haki.

Lakini Luka anaongeza jambo moja: huyu mtu alikuwa anaujua ubatizo wa Yohana tu. Angalieni vizuri. Biblia haisemi alifundisha uongo. Alichokijua kilikuwa kweli, ila kilikuwa kimefika mahali kikasimama. Mambo yalikuwa yamesonga mbele. Yesu amekufa, amefufuka, Roho ameshuka, na Apolo bado yuko kwenye somo la mtoni Yordani.

Nani kati yetu hayuko hivyo? Wewe mwalimu, ulichojifunza chuoni kilikuwa kweli, lakini mtaala umebadilika. Wewe muuguzi, ulichosoma kilikuwa kweli, lakini wadi ina mashine ambazo hukuwahi kufundishwa. Kurudi kusoma hakumaanishi kwamba shahada yako ya kwanza ilikuwa bure, wala kwamba uliifeli. Kunamaanisha imefika mwisho wake, na kazi ambayo Mungu amekuwekea bado inaendelea. Mwambie jirani yako: bado inaendelea!

Sasa tazama waliomfundisha. Prisila na Akila. Mstari wa tatu wa sura hiyo hiyo unatuambia kazi yao: washona mahema. Mikono yenye sugu. Mchana wako na sindano na turubai, na ndio hao wanaomwelekeza msomi wa Iskanderia. Na mmoja wao ni mwanamke. Apolo angeweza kusema, “Mimi nimesoma kwetu, nyinyi fundi mtaniambia nini?” Hakusema. Alikaa chini akasikiliza.

Hapo ndipo wengi wetu tunashindwa. Tatizo si karo peke yake. Tatizo ni kukaa kwenye kiti cha mwanafunzi ukiwa na miaka arubaini na miwili, na mhadhiri wako ana miaka ishirini na tisa, anakuita kwa jina la kwanza, na anakurudishia karatasi imejaa kalamu nyekundu. Kazini unaitwa mkubwa, darasani hujui hata kifungo cha kubonyeza. Hiyo aibu inaua masomo ya watu wazima kuliko umaskini. Lakini Mungu hupinga wenye kiburi, na huwapa neema wanyenyekevu. Mwanafunzi mtu mzima anasomeshwa unyenyekevu bure, hata kabla hajafungua kitabu.

Nchi hii ilimwona mzee Kimani Maruge. Mwaka 2004, akiwa na miaka 84, alivaa kaptura na soksi ndefu akaingia darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret. Watu walicheka. Yeye alitaka kusoma Biblia kwa macho yake mwenyewe. Je, wewe unaona haya ya nini?

Na si Apolo peke yake. Danieli, sura ya kwanza, ni kijana aliyewekwa miaka mitatu kusoma lugha na maandishi ya Wakaldayo. Sura ya tisa ni mzee, amehudumu chini ya wafalme zaidi ya mmoja, na bado tunamkuta amefungua vitabu, anahesabu miaka aliyoitaja Yeremia. Paulo naye yuko gerezani, anajua mwisho wake umekaribia, na katika barua ya pili kwa Timotheo, sura ya nne, anaagiza aletewe joho lake na vitabu. Vitabu! Mtu anayengoja kufa anataka kusoma. Na mimi nilikuwa nimelisema vibaya joho la mtu, kumbe Paulo mwenyewe aliagiza lake.

Mlango uliofungwa na mlango uliofunguka

Ukitoka hapa ukishuka Nkrumah Road mpaka Fort Jesus, karibu na ngome utaona makaburi ya ukoo wa Mazrui. Pale alizikwa Profesa Ali Mazrui, Oktoba 2014. Hakuwa wa imani yetu, alikuwa Mwislamu, lakini ni mtoto wa kisiwa hiki, na jirani mwema husema kweli juu ya jirani yake. Alizaliwa hapa Mombasa mwaka 1933. Alipofanya mtihani wa kumaliza sekondari alipata daraja la tatu, na daraja hilo halikumfikisha Makerere alikotaka kwenda. Akawa karani katika chuo kilichoitwa Mombasa Institute of Muslim Education. Karani! Miaka ikapita. Kisha akapata nafasi ya pili ya kusoma, Uingereza. Mwaka 1960 akapata shahada Manchester, mwaka 1961 akapata ya pili Columbia, New York, na mwaka 1966 akapata udaktari Oxford. Makerere iliyokuwa mbali naye akaenda kufundisha, akiwa profesa.

Na chuo kile alichokuwa karani kiko wapi? Kiko pale Tudor. Mwaka 1966 kilibadilishwa kikawa chuo cha ufundi, mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2013 kikapewa hati ya chuo kikuu kamili. Ndicho hicho mnachokiita TUM. Hata chuo chenyewe kimesoma hatua kwa hatua, mara nne kimepanda darasa. Kama majengo yanaweza kuanza upya, wewe uliyepewa pumzi ya Mungu unashindwaje?

Na wewe uliyeanza ukakatikia njiani, usikate tamaa. Nelson Mandela alikuwa na shahada ya kwanza tayari alipoanza kusomea sheria Johannesburg mwaka 1943. Akaondoka chuoni mwaka 1952 bila kumaliza. Akiwa mfungwa akajaribu tena kwa masomo ya mbali ya Chuo Kikuu cha London, hakumaliza. Shahada hiyo ya pili aliipata mwaka 1989, kupitia Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, akiwa bado mfungwa. Hesabu mwenyewe: miaka 46. Muhula ulioupoteza hauwezi kufunga mlango ambao Mungu ameuacha wazi.

Walimchukua kando

Mstari wa 26 ndio ulionichoma. Prisila na Akila walimsikia Apolo akihubiri katika sinagogi. Wakaona kuna pengo. Walifanya nini? Walisimama katikati ya ibada wakamrekebisha? Walitunga mzaha watu wacheke? Hapana. Walimchukua kwao, wakamfafanulia vizuri zaidi njia ya Mungu.

Kwao! Nyumbani. Labda na sahani ya chakula, labda na mahema yamekunjwa kwenye kona. Mtu anayesoma akiwa na kazi na jamaa anahitaji nyumba inayomfungulia mlango. Mimi nilikuwa na nyumba kubwa kuliko ya Prisila. Nilikuwa na nyumba hii yote ya ibada, ina meza, ina taa, ina viti mia tatu. Nikaigeuza mahali pa kumchekea mtu.

Wachungaji wenzangu mtakaosoma karatasi hii, nawasihi. Kabla hujahubiri juu ya mtu aliyekosa ibada, mpigie simu. Muulize alikuwa wapi. Ukimkuta kwenye ulevi, mwambie kweli. Ukimkuta darasani, mwombee.

Basi haya ndiyo tumekubaliana na wazee. Kwanza, kila Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa tatu na nusu usiku, ukumbi wa nyuma utakuwa wazi kwa wanaosoma. Taa itawaka, meza zipo, kelele hakuna. Najua nyumba zetu za Majengo na Mji wa Kale, chumba kimoja, televisheni ya jirani iko ukutani kwako. Njoo usomee hapa. Huhitaji kuwa wa kanisa hili. Mtoto wa jirani Mwislamu akija na kitabu chake, mkaribisheni, mpeni kiti.

Pili, kila ushirika wa nyumbani uwe na majina ya watu wake wanaosoma, na ujue tarehe za mitihani yao. Wiki ya mtihani, ninyi ndio mtaomba. Yeye asome.

Tatu, akina mama wameahidi wenyewe, sikuwalazimisha, kwamba Jumamosi mchana watakuwa na watoto wa wanaokwenda darasani. Mungu awabariki.

Kaa kwanza uhesabu

Lakini sasa nisije nikatoka kosa moja nikaingia lingine. Nisije nikasikika nikisema kila mtu kesho akajisajili. Wapendwa, si kila anayetaka kurudi chuo ametumwa na Mungu. Wengine wanakimbia ndoa. Wengine wameona mwenzao kwenye picha za mahafali. Wengine wanataka tu cheo kirefu mbele ya jina.

Yesu, katika Luka 14:28, alizungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: akae kwanza, ahesabu kama anazo za kumalizia. Hakumkataza kujenga. Alimwambia akae kwanza. Basi tukae.

Tuhesabu saa. Wiki ina saa 168, kwa tajiri na kwa maskini. Kazi, pamoja na Jumamosi asubuhi, tuseme saa 45. Kulala saa saba kila usiku, saa 49. Zimebaki 74. Feri, matatu na foleni, saa mbili kwa siku kwa siku sita, 12. Zimebaki 62. Darasa mara tatu kwa wiki, saa tatu kila mara, ni tisa. Na kila saa ya darasa inataka karibu saa mbili za kusoma peke yako, ambazo ni 18. Zimebaki 35. Hizo 35 ndizo za mke au mume, watoto, kupika, kufua, ibada, wagonjwa na misiba. Ni saa tano kwa siku. Zinatosha, lakini zinatosha kwa aliyezihesabu. Asiyehesabu atazitafuta kwenye usingizi, kisha atazitafuta kwenye nyumba yake, na mwisho atazitafuta kwa Mungu.

Tuhesabu pesa. Usiulize karo ya muhula wa kwanza tu. Uliza mpaka siku ya mahafali: usajili, mitihani, utafiti wa mwisho, nauli, data ya simu. Uliza kama masomo uliyokwisha kufaulu yanaweza kuhesabiwa, usilipie kitu mara mbili. Uliza kama kozi yenyewe imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, kabla hujatoa hata shilingi. Bodi ya mikopo, HELB, inao mkopo wa wafanyakazi wenye mishahara wanaorudi kusoma. Nenda ukaulize masharti, usisimuliwe na watu. Na kwa wenye zamu zisizotabirika, tangu mwaka 2023 kuna Chuo Kikuu Huria cha Kenya, ambacho masomo yake yako kwenye intaneti. Lakini karo ya mtoto usiiguse. Na mikopo ya haraka ya simu, ile ya kulipa baada ya siku thelathini, usiitumie kulipia jambo la miaka minne. Huo ni mnara wa mchanga.

Tuhesabu nyumba. Umeongea na mwenzako? Sikusema umemjulisha. Umeongea? Dada mmoja muuguzi alikuja kwangu na mumewe wakiwa na daftari la shule, wameandika kila kitu, upande huu mapato, upande huu zamu za usiku. Alitaka kuanza shahada ya uzamili Septemba. Walipofika mwisho wa ukurasa wakaona mtoto wao mkubwa ana mtihani wa kitaifa mwaka ule ule, na baba yuko safarini wiki mbili kila mwezi. Wakakubaliana ngoja mwaka mmoja. Dada alilia kidogo. Mwaka ulipokwisha alianza, na mumewe ndiye aliyempeleka siku ya kwanza. Kungoja si kukosa imani. Yeye aihesabuye gharama akangoja yuko mbele ya yule aliyeanza bila hesabu.

Na nyinyi wanaume, niseme? Nisemeni kweli. Mke akikwambia anataka kusoma, usimjibu “nani atapika?” Tuna mikono. Mahamri yanauzwa kila kona ya mji huu na mbaazi zake. Mtu hafi njaa Mombasa kwa sababu mke wake ana mtihani.

Maji yatamfikia nani?

Malizia na mistari ya 27 na 28. Apolo, baada ya kufundishwa, anavuka kwenda Akaya. Ndugu wa Efeso wanamwandikia barua ya kumtambulisha. Akafika huko, na Biblia inasema aliwafaa sana walioamini kwa neema. Hapo ndipo mtihani wa elimu ulipo. Luka hasemi Apolo alipata cheo gani. Anasema aliwafaa watu.

Baadaye kule Korintho watu wakaanza kujigawa, huyu anasema ni wa Paulo, huyu anasema ni wa Apolo. Elimu ikageuzwa kuwa timu. Paulo akawajibu katika barua ya kwanza, sura ya tatu: yeye alipanda, Apolo akatia maji, lakini aliyekuza ni Mungu. Basi hiyo ndiyo kazi ya msomi katika nyumba ya Mungu, mtia maji. Shahada yako ni ndoo. Ya pili ni ndoo ya pili. Swali ni moja tu: unaipeleka kwenye mche wa nani? Kama ni ya kujiogea mwenyewe kila siku mbele ya kioo, basi rudi ukaombe upya.

Wewe unayetaka kusoma sheria, nani katika mtaa wako ananyang'anywa kiwanja kwa kukosa mtu wa kumsomea hati? Wewe wa hesabu, kikundi cha akina mama cha kuweka akiba kinahitaji mtu wa kuangalia vitabu. Wewe wa kompyuta, wazee wetu wanalia mbele ya simu kila wakitakiwa kujaza fomu za serikali. Andika jina la mtu mmoja atakayenywa maji ya masomo yako. Ukikosa jina hata moja, huna haraka ya kwenda kulipa.

Na usiku ukichoka, na utachoka, maana Mhubiri sura ya 12 alishatuonya kwamba kusoma sana kunachosha mwili, lisome tena lile jina uliloandika, kisha fungua kitabu.

Kulipa deni

Mwisho wa mahubiri nilimwita yule ndugu. Akaja mbele na mkewe. Nilisema nilichopaswa kusema: Nilikukosea. Nilikuhukumu bila kukuuliza, nikakufanya kichekesho mbele ya ndugu zako, na ulipolitii neno langu ulipoteza muhula na miaka mitatu. Neno lile halikutoka kwa Mungu. Lilitoka kwangu. Nisamehe.

Akashika kipaza sauti. Akasema: “Pasta, nilishasamehe zamani. Lakini ile karo haikurudi.”

Kanisa zima likacheka, na safari hii naye alicheka. Na ilipofika wakati wa sadaka, mzee mmoja aliinuka bila kuombwa na kuweka noti juu ya madhabahu, akasema ni ya ule muhula uliopotea. Wengine wakafuata. Sikuwahesabia, mhazini atatoa taarifa Jumapili ijayo, na zitalipwa chuoni moja kwa moja, kwa risiti.

Tuombe.

Baba, katika jina la Yesu, tunakushukuru kwa Apolo aliyekubali kufundishwa na kwa Prisila na Akila waliofungua mlango. Tusamehe tuliowavunja moyo watoto wako kwa midomo yetu. Waponye waliokatishwa njiani. Wanaorudi darasani wape akili safi, usingizi mfupi lakini mtamu, na nyumba zenye amani. Wanaongoja wape subira. Wanaotaka kusoma kwa ajili ya sifa, wageuze. Feri zivuke salama, zamu zipangike, karo ipatikane kwa njia ya haki. Na siku ya mahafali, tusilisahau jina lililo juu ya majina yote. Amina.

Kwa ushirika wa nyumbani wiki hii

Someni pamoja Matendo 18:24–28 na Luka 14:28–30.

1. Ni jambo gani ulilojua vizuri zamani ambalo limefika mahali likasimama? Ungekuwa tayari kufundishwa na nani?

2. Kuna mtu uliyemkatisha tamaa kwa mzaha au kwa neno la haraka? Mpigie simu kabla ya Jumapili.

3. Kwa anayefikiria kurudi kusoma: hesabu saa zako 168 kwenye karatasi, pamoja na mwenzako. Kisha andika jina la mtu atakayenufaika.

Wanaohitaji kusomea ukumbini wamwone shemasi wa zamu baada ya ibada. Njoo na kalamu yako. Chai ipo.